Tana, mto uliobeba historia ya chambo cha manyoya

Uvuvi wa chambo cha manyoya uliingia Kenya pamoja na samaki wake. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki hao wakapandikizwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Walowezi waliokwenda kuwavua walibeba fimbo ndefu nyepesi na ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ya ndege kwa uzi, ili trauti aidhanie mdudu aliyeangukia majini.

Maji ya Gura hayakai Nyeri. Huingia Sagana, na Sagana huzaa Tana, mto unaopita Garissa, Bura, Hola na Garsen hadi Kipini kwenye Ghuba ya Ungwana. Kusini mwa ghuba hiyo, mbele ya Malindi na Watamu, wavuvi wa mchezo uleule sasa huwarushia manyoya sulisuli wa kilo 25 na zaidi. Basi historia ya uvuvi huu nchini ina ncha mbili, na kati yake upo mto wa kilomita 1,000 hivi.

Garissa iko katikati, na mchezo huo uliiruka. Mto unapofika hapa umeshapata joto na tope, na trauti hawezi kuishi humo. Wamunyoyaya na Wapokomo wa kingo za Tana wana uvuvi wao wa kambare kwa mitego na mishipi. Kwa wafugaji wa Kisomali walio wengi, mto ni mahali pa kunyweshea ngamia na ng'ombe, na samaki si chakula walichokizoea.

Kaunti ya Garissa haina ufuo, lakini ukishuka Ijara na kuvuka msitu wa Boni unatokea Kiunga na Kiwayu, kwa Wabajuni. Hao hawakuhitaji mlowezi wa kuwafundisha hila za baharini. Wazee wao walivua kasa kwa kutumia samaki hai aitwaye taza. Kamba nyembamba ilifungwa kwenye mkia wake, akaachiwa majini hadi ajibandike kwenye gamba la kasa, kisha mvuvi akavuta kamba taratibu, maana akiharakisha taza huachia. Leo kasa analindwa na sheria. Hila nyingine, ya kurambaza, bado ipo: mashua ikiwa tangani, mshipi huburutwa nyuma na ndoana iliyovikwa kitambaa au nyuzi nyeupe, nguru aidhanie samaki mdogo anayekimbia. Hila hiyo na ile ya mvuvi wa trauti ni ndugu, ingawa waliozibuni hawakuwahi kuonana.

Masimulizi mengi ya uvuvi wa samaki wakubwa pwani ya Kenya huanza na Ernest Hemingway. Mwandishi huyo Mmarekani aliteremka pwani kuvua mapema mwaka 1934, baada ya safari yake ya kuwinda. Alirudi mwaka 1954, akiwa na majeraha ya ajali mbili za ndege zilizofuatana nchini Uganda, akaenda kambi ya uvuvi ya Shimoni. Huko moto wa vichaka ukamuunguza. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel, na hadi leo ipo hoteli Watamu yenye jina lake. Lakini uvuvi wa enzi zake ulikuwa wa fimbo nene na mishipi mizito, na samaki alichukuliwa kwa nguvu.

Manyoya yalifika kwa samaki hawa baadaye. Mwaka 1962 daktari Mmarekani, Webster Robinson, alimnasa sulisuli kwa chambo cha manyoya katika pwani ya Panama, upande wa Pasifiki. Mbinu iliyoenea tangu hapo ndiyo inayotumika Watamu. Boti hukokota vivutio visivyo na ndoana. Sulisuli akiinuka nyuma, baharia huvuta kivutio pole pole, naye samaki hukifuata kwa hasira, ubavu ukiwaka buluu na zambarau. Akisogea karibu, nahodha hutoa gia, kwa kuwa kanuni za IGFA, chama cha kimataifa cha wavuvi wa mchezo kilichoanzishwa 1939, haziruhusu kurusha chambo hicho boti ikisukumwa na injini. Kivutio hunyanyuliwa, na manyoya meupe au ya waridi, marefu kama kiganja, hutua palepale kilipokuwa. Zipo sekunde chache tu kabla samaki hajagutuka. Kipande dhaifu kabisa cha mshipi hakiruhusiwi kuzidi nguvu ya kilo 10, hivyo kumvuta kwa pupa ni kumkosa.

Mgeni ndiye anayepigwa picha, ila kazi hiyo huamuliwa na nahodha na baharia, wengi wao vijana wa pwani wanaojua bahari kwa urithi. Wanajua kwamba kaskazi ikianza kuvuma, mkondo wa Somalia hugeukia kusini na kukutana na mkondo wa pwani, maji yenye rutuba yakapanda kutoka kilindini na kuvuta samaki wadogo na wanaowala. Kusi ikikaza, boti hupumzishwa. Sulisuli wengi hurudishwa majini wakiwa hai, wakiwa na alama za African Billfish Foundation, shirika lenye makao Watamu linalofuatilia mienendo yao.

Kaskazini ya Lamu mchezo huu ulipata pigo. Septemba 2011 wageni walivamiwa Kiwayu, na mwezi uliofuata Manda. Oktoba hiyohiyo jeshi la Kenya liliingia Somalia. Wageni wakaadimika, na wavuvi wa Lamu wakakatazwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa. Aliyeumia zaidi ni Mbajuni, aliyekuwa akiishi kwa kuvua na kwa kuwapeleka wageni kuvua.

Ipo hatari nyingine isiyobeba bunduki. Tope la Tana hulisha kamba na samaki wadogo wa Ungwana, na mabwawa matano ya juu, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988, huzuia sehemu ya tope hilo. Mpango wa bwawa jingine kubwa, High Grand Falls, umezungumzwa kwa miaka mingi. Likijengwa, hesabu yake isiishie kwenye megawati na ekari za umwagiliaji. Mfugaji wa Garissa anayesubiri mafuriko yamwoteshee malisho, mvuvi wa kamba wa Kipini na nahodha wa Watamu wanadai haki kwa mto mmoja, na wote watatu wanastahili kusikilizwa kabla saruji haijamwagwa.