Gogo la Chatu: Historia ya Tagaa la Kupandia Kutoka Ziwani Hadi Kizimbani

Tagaa la kupandia ni kipande cha mti kinachokazwa ndani ya kizimba cha nyoka mkubwa ili apate mahali pa kupanda, kujinyoosha na kulala juu ya sakafu. Kwa chatu aliyekomaa, tagaa hilo hubeba uzito unaokaribia ule wa mtu mzima, uzito wenyewe unasogea, na kazi hiyo huendelea usiku kucha. Likilegea, nyoka huanguka pamoja nalo. Katika Afrika Mashariki, desturi ya kumwekea chatu gogo la kulalia ni ya zamani kuliko kizimba cha kioo, na waliotangulia kuifuata hawakuwa watunzaji wa bustani za wanyama. Walikuwa watu wa hekalu.

Kenya ina aina mbili za chatu wakubwa, yule wa kaskazini anayeitwa kitaalamu Python sebae na yule wa kusini, Python natalensis. Wengi wao huwa na urefu wa mita 3 hadi 5, na wachache huzidi hapo. Chatu mchanga hupanda miti mara kwa mara, akitafuta ndege na kujificha. Anapokua uzito humvuta chini, lakini kupanda haachi kabisa: huonekana amelala kwenye panda ya mti ulioinamia maji, mwili umekunjwa mikunjo miwili mitatu na kichwa kimewekwa juu ya mkunjo wa mwisho. Makao anayoyapenda ni mbuga, miamba, vinamasi na kingo za mito. Vilima vya Kisii si nchi yake hasa. Ukisimama Itumbe, katika vilima hivyo, utaona majani chai, migomba, mahindi na mistari ya mikaratusi, na boma hukaribia boma kwa sababu ardhi ni kidogo na watu ni wengi. Lakini maji ya vilima hivyo huteremka kwa mto Kuja, ambao Abagusii, wenyeji wa huko, huuita Gucha, mpaka tambarare za Ziwa Victoria, na huko ndiko chatu aliko. Kwa hiyo historia ya jambo hili hufuata maji, kuelekea ziwani.

Upande wa pili wa ziwa, katika jimbo la Buddu nchini Buganda, palikuwa na hekalu la Selwanga, mungu aliyekaa katika umbo la chatu. John Roscoe, mmishonari wa Kianglikana aliyeishi Uganda kwa miaka mingi, aliandika habari zake katika kitabu The Baganda kilichochapishwa London mwaka 1911. Mengi aliyoyaandika aliyapata kwa wazee walioletwa kwake kwa msaada wa Apolo Kaggwa, katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda. Hekalu lilikuwa nyumba ya msonge, imeezekwa nyasi na sakafu yake kutandazwa nyasi. Ubavuni palikuwa na tundu la mviringo ambalo chatu alitokea alipotaka kwenda mtoni kuwinda, kisha akarudi. Mwanamke aliyewekwa maalumu alimlisha maziwa kila siku kwa bakuli la mti. Watu walimwendea Selwanga kuomba watoto.

Ndani ya nyumba hiyo chatu aliwekewa gogo na kigoda, na juu yake likatandazwa vazi la gome, lubugo, ambalo Waganda hulitwanga kutokana na gome la mti wa mutuba. Hapo ndipo alipolala. Fundi wa leo akiutazama mpangilio huo ataona kwamba waliouweka walimjua mnyama wao. Gogo lilimwinua kutoka kwenye unyevu wa ardhi. Gome lililotwangwa si laini kama kitambaa cha dukani, kwa hiyo magamba ya tumbo yalipata mahali pa kushika. Kigoda kilikuwa cha heshima, maana kwa Waganda kiti ni alama ya cheo, lakini kilitoa pia kimo cha pili, na nyoka mkubwa hupenda kuchagua kati ya vimo viwili. Mlango ulikuwa wazi, jambo ambalo hakuna kizimba chochote kilichofuata kimelitoa.

Kusini mwa ziwa, Wasukuma walikuwa na njia nyingine. Chama cha wacheza nyoka kiitwacho Buyeye, ambacho Hans Cory alikiandikia makala mwaka 1946, kilijua kukamata nyoka, kuwatuliza na kutibu walioumwa. Chatu katika ngoma za Wasukuma hubebwa mabegani na shingoni, na mchezaji mwenyewe ndiye tagaa. Aliyewahi kumbeba chatu wa mita 3 anajua anavyotafuta mshiko: hukaza kwanza kwa nusu ya nyuma, halafu hunyoosha kichwa mbele kutafuta pa kupita. Asipopata pa kukaza huhangaika. Akipata hutulia, na mchezaji naye hupumua.

Kwa Waluo wa Nyakach, chini tu ya vilima vya Kisii, chatu hakujengewa nyumba wala kubebwa. Chatu aitwaye Omieri hupokewa akija mwenyewe, na ujio wake huhesabiwa kuwa dalili ya mvua na mavuno. Mwaka 1987 Omieri mmoja alijeruhiwa na moto, na habari zake zikafuatwa nchi nzima mpaka alipokufa. Mwaka 2003 mwingine alipoonekana Nyakach, wanakijiji waligawanyika: wako waliotaka alindwe, na wako waliohofia mifugo na watoto. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na ugomvi huo bado huamka kila chatu anapoonekana.

Ulaya ilianza na kioo, na gogo likaja baadaye. Bustani ya Wanyama ya London ilifungua nyumba ya nyoka mwaka 1849, ya kwanza ya aina yake duniani. Vizimba vyake vilikuwa masanduku ya kutazamia. Nyoka walipewa mablanketi ya sufu ili wapate joto, na mmoja wa majoka ya hapo akawahi kulimeza blanketi lake na kulitapika baada ya siku nyingi. Mwaka 1862 chatu jike kutoka Afrika Magharibi alitaga mayai yapatayo 100 katika nyumba hiyo, akajiviringa juu yake kuyaatamia mbele ya wageni. Mayai hayakuanguliwa. Mabadiliko makubwa yaliletwa na Joan Procter, aliyekabidhiwa nyoka wa London mwaka 1923 akiwa na umri wa miaka 25 au 26 na afya dhaifu. Nyumba mpya aliyoibuni ilifunguliwa mwaka 1927, ikiwa na joto la umeme lililotofautiana kutoka sehemu hadi sehemu, kioo kilichopitisha miali ya jua ambayo kioo cha kawaida huizuia, na miamba iliyojengwa ili nyoka apate pa kupanda na pa kujificha. Kuanzia hapo kizimba kizuri kilihesabiwa kuwa kile kinachomruhusu nyoka kufanya anayofanya porini.

Afrika Mashariki ya wakoloni ilikuwa chimbuko la nyoka hao. C. J. P. Ionides, aliyezaliwa mwaka 1901 na kufa 1968, alikuwa askari, kisha bwana nyama kule Liwale, na hatimaye mkamataji wa nyoka kule Newala. Alikamata maelfu kwa ajili ya makumbusho na bustani za wanyama. Songwe wa kijani aliwatoa juu ya miti kwa koleo lililofungwa kwenye mti mrefu, na ugumu wa kazi hiyo ulikuwa katika kumbandua nyoka kwenye tawi bila kumvunja. Anayemtazama nyoka aking'ang'ania tawi namna hiyo hawezi kusema kwamba tawi ni pambo.

Nairobi ilipata hifadhi yake ya nyoka mwaka 1961, mkabala na Makumbusho ya Coryndon, ambayo baada ya uhuru yakawa Makumbusho ya Taifa. Kulikuwa na vizimba vya kioo na pia mashimo ya wazi yaliyozungushiwa ukuta, ambamo nyoka waliishi kati ya mimea na mawe. Mwaka 1980 yalifunguliwa Makumbusho ya Kisumu, yenye nyumba ya nyoka na matangi ya samaki wa ziwa. Mwaka huohuo James Ashe, aliyewahi kuisimamia hifadhi ya Nairobi, pamoja na mkewe Sanda, walianzisha shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu pwani, ambalo limekuwa maarufu kwa sumu, tiba na mafunzo. Kwa mwanafunzi wa shule za Kisii, nyumba ya Kisumu ndiyo iliyo karibu zaidi. Ni safari ya saa mbili hivi kwa basi la shule, na watoto wengi humwona nyoka mkubwa hapo kwa mara ya kwanza bila mtu aliyeshika panga pembeni.

Ufundi wa tagaa lenyewe umebadilika polepole, na umejifunzwa zaidi kutokana na makosa. Kosa la kwanza lilikuwa tawi jembamba. Chatu mchanga hulipenda, lakini mkubwa hulipinda na mbavu zake hubeba uzito wote mahali pamoja. Kipimo kilichokubalika sasa ni kwamba tagaa lisiwe jembamba kuliko sehemu nene ya mwili wa nyoka. Kosa la pili ni kulisimamisha. Nyoka mzito hapumziki kwenye mti uliosimama wima. Hutaka uliolala, au ulioinama kidogo, wenye panda mahali fulani ili mikunjo yake ikae humo. Kosa la tatu ni kimo. Chatu wa kilo 40 akianguka kutoka mita 2 huweza kuumia uti wa mgongo, kwa hiyo tagaa la chatu mkubwa huwekwa chini kuliko mtu anavyotarajia, na huongezewa urefu.

Fundi seremala wa Itumbe akiagizwa tagaa kama hilo, mti asingeufuata mbali. Mkaratusi upo kila mahali, maana hupandwa kwa nguzo na kwa kuni, zikiwemo zile za kukaushia chai viwandani. Ni wa nguvu na umenyooka, lakini ukikauka hupasuka kuanzia ncha, na ndani ya ufa huo huingia taka na kupe wa nyoka. Mgrivelia ni mwepisi kukata, ila hauvumilii unyevu mwingi. Mtarakwa na misonobari haifai kwa sababu ya mafuta na utomvu wake, ambao hudhuru mapafu na ngozi ya nyoka. Unaobaki ni mpera. Una mti mgumu, matawi yaliyopinda, panda nyingi na gome lisilotoa utomvu, na karibu kila boma lina mpera mmoja mzee. Tatizo lake ni kwamba gome la mpera hubambuka na kubaki laini, na nyoka anayetaka kujivua gamba huhitaji mahali pa kukwaruza pua yake. Fundi hodari hulikwaruza mwenyewe kwa msasa mnene au kwa jino la msumeno, mistari mifupi mifupi, kabla ya kulikaza.

Tagaa hukaushwa vizuri, husuguliwa kwa maji na dawa, huoshwa na kuanikwa juani tena. Halikazwi kwenye kioo wala kwenye waya. Hushikwa na fremu ya kizimba au na nguzo zilizosimikwa sakafuni, kwa bolti zinazopenya upande hadi upande na nati zikiwa nje, ambako nyoka hazifikii. Msumari haufai kwa sababu hung'oka taratibu kila nyoka anapojivuta. Kabla ya kumwingiza chatu, mtunzaji huning'inia juu ya tagaa kwa uzito wake wote na kutikisa. Taa ya joto nayo huzungushiwa waya, kwani chatu akipanda tagaa huweza kuigusa taa na kuungua bila kuondoka mapema.

Sababu ya uimara huo wote ilipimwa maabara. Mwaka 2014 Greg Byrnes na Bruce Jayne walichapisha matokeo ya majaribio ya nyoka waliopandishwa nguzo iliyofungwa vipima-nguvu. Nyoka hao, wakiwemo chatu, walibana nguzo kwa nguvu iliyozidi kiasi cha lazima kwa mara 2.5 hadi 5. Hiyo ni tahadhari: nyoka hulipa gharama ya misuli ili asianguke. Tagaa linalocheza humlazimisha kulipa gharama hiyo kila dakika, na huenda ndiyo maana chatu aliyewekewa tagaa bovu huacha kupanda na kulala pembeni chini, akionekana mtulivu ilhali amekata tamaa nalo.

Kumfuga chatu nyumbani ni desturi ya Ulaya na Marekani zaidi kuliko ya huku. Marekani yenyewe, baada ya chatu wa Asia kuenea katika vinamasi vya Florida, ilipiga marufuku mwaka 2012 uingizaji wa aina kadhaa za nyoka wakubwa, wakiwemo chatu wetu wote wawili. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka mnyama wa porini bila kibali. Chatu yumo pia katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe wa porini.

Kwa hiyo tagaa la chatu wa pande hizi za ziwa lina mahali pake katika makumbusho na vituo vyenye kibali, na kwingineko kote ni mti ulio hai kando ya mto. Mkazi wa Itumbe au wa bondeni anayemkuta chatu shambani asimpige wala asimfunge kamba. Awaondoe watoto na mbuzi, aiarifu ofisi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya iliyo karibu, na asiukate mti aliopanda kabla maafisa hawajafika.