Washairi Wawili wa Ujiji na Wasomaji Wao



Kila tukutanapo hakosekani mwenzetu mwenye mswada kabatini, anayengoja mchapishaji ili apate wasomaji. Wana wawili wa Ujiji walianza upande wa pili: walipata wasomaji kwanza, vitabu vikafuata. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa mwaka 1924, na Saadani Abdu Kandoro mwaka 1926. Sisi wa Kasingirima tuna haki ya kuwaita wa kwetu.

Ujiji ilisema Kiswahili tangu siku za misafara, kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Vitabu vilikuwa adimu, lakini gazeti lilikuja kwa treni. Mambo Leo, gazeti la serikali la kila mwezi lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na huko ndiko washairi wa bara na pwani walikojuana bila kuonana. Mmoja akiuliza kwa shairi, mwingine alimjibu kwa shairi. Asiyejua kusoma alisomewa barazani, na kwa kuwa shairi huimbwa, liliendelea kutembea hata gazeti lilipokwisha kufungia sukari.

Sheikh Amri alikwenda mbele zaidi. Mwaka 1954 alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Tazameni jina hilo: sheria zimetangulia, diwani yake mwenyewe imefuata. Alimfundisha msomaji kuhesabu mizani na kupanga vina, akamwezesha kumpima hata yeye mwalimu. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri yake, kwani msomaji aliyejaribu kutunga husoma kwa makini kuliko asiyejaribu. Wengi leo wanalijua jina lake kwa sababu ya uwanja wa mpira wa Arusha tu. Alifariki mwaka 1964 akiwa waziri.

Lakini sheria hizo zilikuwa na gharama. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina, waliozoea vipimo vya Sheikh Amri walimkatalia jina la mshairi. Jumuiya iliyojengwa kwa kanuni ilimfungia mgeni mlango.

Kandoro alikuwa mtu wa siasa: Katibu wa TAA Jimbo la Ziwa, na mmoja wa wale 17 walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954. Chini ya ukoloni hakuweza kusema yote waziwazi, basi alitumia fumbo. Katika shairi lake mashuhuri siafu wadogo wanamkabili nyoka. Wasomaji hawakuhitaji kuambiwa nyoka ni nani. Kulifumbua kulikuwa tayari kushiriki. Mashairi ya Saadani yalipotoka mwaka 1972, Uhuru ulikuwa umekwisha kupatikana, na watu walikuwa wakimjua kwa miaka mingi.

Mambo Leo halipo tena. Vijana wa Kasingirima wenye madaftari ya mashairi bado wapo, na baadhi yao ni watoto wetu. Naiomba Kamati itenge ukurasa mmoja katika toleo lijalo: shairi moja la swali, majibu yafuate katika toleo la baadaye, yenye vina na yasiyo na vina. Swali la kwanza niko tayari kulitunga mimi, ikiwa hapana mwingine atakayewahi.