Kuku wa Uani na Historia ya Mdondo

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, za pwani na za bara, kuku ndiye mali ya kwanza ambayo mtu asiye na mali aweza kuwa nayo. Hataki konde wala malisho. Huchakura jalalani, huokota punje zilizomwagika kando ya kinu, na jua likizama hurudi mwenyewe kulala. Kwa sababu hiyo mali hii aghalabu imekuwa mikononi mwa wanawake. Yai lilinunua chumvi, jogoo alilipa karo ya shule, na mgeni aliyefika bila taarifa alipata kitoweo bila ya mwenyeji kufedheheka. Walakini wahenga waliujua udhaifu wa mali hii, wakanena kwamba kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Methali hiyo yahesabu hasara nne. Hasara ya tano, ambayo ni maradhi, haimo katika hesabu. Nayo katika karne ya 20 ilikuja kuzipita zote nne.

Kuku si ndege wa asili wa Afrika. Babu yake ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mifupa yake iliyochimbuliwa Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, ni ya milenia ya kwanza kabla ya Kristo, na mingine imepatikana katika magofu ya miji ya kale ya Waswahili, kama Shanga katika kisiwa cha Pate. Uchunguzi wa nasaba uliofanywa katika karne hii umeonyesha kwamba kuku wa Afrika Mashariki hawakuja kwa njia moja: baadhi yao nasaba yao yaelekea Bara Hindi, na wengine Asia ya Kusini-Mashariki. Basi ua mmoja waweza kukusanya kuchi mrefu mwenye kifua kipana, kishingo asiye na manyoya shingoni, ambaye kwa upungufu huo hustahimili joto kuliko wenziwe, na kidimu ambaye manyoya yake yamejikunja. Mtazamaji huona mchanganyiko usio na mpango. Mwanahistoria huona kumbukumbu ya biashara ya Bahari ya Hindi, iliyoandikwa kwa manyoya badala ya wino.

Njia za safari zilizomleta kuku zaweza kuleta maradhi yake pia. Mwaka 1926 ugonjwa mkali wa kuku ulitambuliwa katika kisiwa cha Java, na mwaka huohuo ulizuka karibu na mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza. Mtaalamu T. M. Doyle, aliyeueleza mwaka 1927, aliupa jina la mji huo kwa muda tu, mpaka lipatikane lililo bora. Halikupatikana, na jina la muda likawa la kudumu. Nchini Kenya ugonjwa huo uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Wafugaji hawakungoja majina ya wataalamu. Wao waliuita mdondo, na kwingine kideri. Na jina la kwanza lamkumbusha msikilizaji kudondoka kwa ndege mmoja baada ya mwingine.

Dalili zake hazikuhitaji darubini. Kuku huzubaa, manyoya yakasimama, pumzi ikawa ya shida, choo kikawa cha kijani. Kisha miguu na mabawa hupooza na shingo hupinda. Katika kundi lisilo na kinga, ndege wote waweza kufa katika muda wa siku chache. Wenye kuku walijaribu walichokuwa nacho: shubiri katika maji, pilipili, majivu. Si haki kuyacheka maarifa hayo, kwa maana majivu ambayo kuku huoga ndani yake hupunguza utitiri na chawa. Lakini mdondo ni ugonjwa wa virusi, na hauna dawa ya kuutibu, iwe ya mitishamba au ya maabara.

Ndipo ulipozuka msiba wa pili, ambao ulitokana na dhiki. Mwenye kuku aliyeona wawili wamekufa alfajiri aliwapeleka waliobaki sokoni kabla ya adhuhuri, ili aokoe thamani kidogo. Aliyewanunua hakujua, aliwaingiza uani pake, na kabla ya wiki mbili kupita wake nao walikuwa wakifa. Kila mmoja alitenda la busara kwa nyumba yake, na jumla ya busara hizo ikawa hasara ya wilaya nzima. Husemwa kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba hiyo ilifungwa ili asipotee, lakini ndani yake mna kanuni njema ya afya: mgeni atengwe kwanza, wiki mbili au zaidi, ndipo achanganywe na wenyeji. Kanuni hiyo yamhusu bata pia, kwa kuwa aweza kubeba virusi vya mdondo bila ya kuugua mwenyewe.

Chanjo zilipatikana katikati ya karne ya 20, lakini hazikutungwa kwa ajili ya ua wa mwanakijiji. Zilitaka barafu njia nzima, na chupa moja ilitosha mamia ya kuku, hali nyumba moja ilikuwa na kumi au kumi na watano. Faraja ilitoka Queensland, Australia, ambako mwaka 1966 kilipatikana kirusi kisicho na madhara kilichoitwa V4. Baadaye Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland walitayarisha chanjo ya I-2, yenye kustahimili joto. Ikiwa imekaushwa na kuwekwa gizani, huhifadhi nguvu yake kwa muda wa wiki nane katika nyuzi 28. Mbegu yake ilitolewa bila malipo kwa maabara za nchi zilizoihitaji, na Tanzania ikaitengeneza yenyewe katika maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam. Virusi hivyo hukuzwa ndani ya mayai. Basi kinga ya kuku hutoka katika yai la kuku.

Tone moja katika jicho, likirudiwa kila baada ya miezi minne hivi, lilitosha. Hata hivyo kazi haikuishia katika tone. Chanjo humkinga aliye mzima, haimponyi aliyekwisha kuugua. Kwa hiyo yataka ifanywe wakati ambapo hapana msiba, yaani wakati ambapo ni vigumu kumshawishi mtu atoe fedha. Na kwa kuwa chupa ikishafunguliwa haingoji, majirani hawana budi kupatana siku moja, asubuhi kabla kuku hawajatoka bandani. Jambo lililoonekana kuwa la daktari likageuka kuwa la ujirani.

Pale mapatano hayo yalipopatikana, hasara ya tano ilipungua, na zile nne za methali zikaonekana upya. Vifaranga walibaki wakihitaji tenga la kuwafunika wasichukuliwe na mwewe, maji safi, na banda kavu. Ndui ilibaki ikingoja msimu wa mbu. Chanjo haikumwondolea mwenye kuku uangalizi wa kila siku. Ilichofanya ni kuupa uangalizi huo thamani, kwa kuwa mwanamke anayefagia banda leo ana sababu ya kutumaini kwamba kesho atawakuta kuku wake wakiwa hai.