Miamba ya itale ya Kratoni ya Tanzania

Miamba ya itale (pia: graniti) ya Kratoni ya Tanzania ni miamba ya mgando ya kale sana inayopatikana katikati na kaskazini mwa Tanzania. Mfano unaojulikana ni mawe makubwa ya Mwanza, kama vile Mwamba wa Bismarck ndani ya Ziwa Viktoria.

Umri

Sehemu kubwa ya miamba hiyo iliganda kutoka magma chini ya ardhi takriban miaka bilioni 2.7 hadi 2.5 iliyopita. Umri hupimwa kwa fuwele ndogo za zirkoni zilizomo ndani yake. Zirkoni inapoumbika hupokea urani lakini hukataa risasi. Hivyo karibu risasi yote inayokutwa humo leo imetokana na unururifu wa urani. Kwa kuwa nusumaisha ya urani-238 ni miaka bilioni 4.47, uwiano wa elementi hizo mbili huonyesha umri wa fuwele.

Asili

Kikemia, miamba ya awali ina natiri (sodiamu) nyingi, dalili ya magma iliyotokana na basalti iliyoyeyuka kwenye kina kirefu. Ile ya baadaye ina kali (potasiamu) nyingi zaidi, ishara kwamba ganda la bara lililokuwepo tayari liliyeyuka upya.

Wanajiolojia bado wanajadili kama basalti hiyo iliyeyuka pale bamba la gandunia lilipozama chini ya lingine, au chini ya ganda nene lisilozama. Kemia pekee haitoshi kuamua, kwa sababu njia zote mbili zinaweza kutoa miamba inayofanana.