Stub
Stub (hutamkwa "stab") ni neno la Kiingereza linalotaja kitu kifupi na kinene, hasa kipande kinachobaki baada ya sehemu kubwa kukatwa au kutumika. Katika Kiingereza cha Kale lilimaanisha kisiki cha mti. Siku hizi hutajwa hivyo pia penseli iliyochongwa hadi karibu kwisha, kipande cha sigara kilichobaki baada ya kuvutwa na kishina cha hundi au tiketi, kwa hiyo mwanafunzi anayelitafsiri "kisiki" kila mahali atapotea. Kama kitenzi ni kujikwaa kidole cha mguu, au kuzima sigara kwa kuikandamiza.

Katika Wikipedia ya Kiingereza stub ni makala fupi isiyokamilika. Wikipedia ya Kiswahili huiita "mbegu", yaani kitu kinachotarajiwa kuota, si mabaki.