Lushoto Kabla ya Wilhelmstal

Mgeni anayepanda barabara ya kona nyingi kutoka Mombo kwenda Lushoto, katika Usambara Magharibi, aghalabu husimuliwa habari moja: Wajerumani walikimbia joto la pwani, wakakuta bonde lenye ubaridi, wakajenga mji na kuuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, Wilhelm II. Majengo yao yangali yapo, na Waingereza, walioitwaa nchi mwaka 1916, nao waliendelea kupanda huko kufuata hewa safi. Yote hayo ni kweli. Kosa ni kuyafanya mwanzo wa habari, kwa maana uamuzi wa kukaa juu badala ya chini ulikwisha kufanywa zamani na Wasambaa.

Lugha yao ni ushahidi tosha. Shambaai ni nchi ya milimani, yenye mvua, migomba na afya. Chini yake ni nyika, kwenye ukame na homa. Mtu aliweza kulima nyikani, lakini nyumba aliijenga juu. Katika nchi hiyo ya juu Wakilindi, wanaojihesabu wazao wa Mbega mwindaji, walisimamisha ufalme uliokuwa na makao yake Vuga, na mfalme alitazamiwa kuleta mvua na kuiponya ardhi. Mmisionari Krapf alipofika mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala kutoka milimani hadi karibu na bahari. Mlima ulikuwa na mji mkuu hata kabla nchi haijaitwa koloni la mtu yeyote.

Atasema mtu kwamba Vuga haikuwa mji wa mapumziko, na kwamba bila reli ya Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905, Lushoto tunayoijua isingekuwapo. Hoja hiyo ina uzito, na sina haja ya kuipuuza: reli na barabara ndizo zilizoufungua mlima kwa wageni. Lakini tuulize pia mapumziko hayo yalibebwa na nani. Kuanzia mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, mwanamume Msambaa alipewa kadi iliyomlazimu kuwafanyia walowezi kazi ya ujira siku 30 katika kila miezi 4; asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Baadaye Waingereza waliwataka wakulima wachimbe matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, mashamba yenyewe madogo, watu wakagoma, na katika miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Historia ya Lushoto isiyomtaja mkulima huyo ni historia ya veranda tu.

Wapo wanaohofu kwamba kusema hivi kutawafukuza watalii wanaofuata majengo ya Kijerumani. Sioni kwa nini. Majengo yatunzwe, paa zikarabatiwe, tarehe ziandikwe ukutani. Ila wanaoongoza wageni wasianzie hapo. Wasimulie kwanza kuhusu Shambaai na nyika, kisha Vuga, ndipo waje kwenye Wilhelmstal, jina lililodumu takriban miaka 20 tu. Wala safari si ndefu: Vuga iko jirani na Soni, na Soni iko kwenye barabara ileile ya kwenda Lushoto.