Maporomoko ya tope

Maporomoko ya tope ni mchanganyiko mzito wa maji, udongo, mawe na magogo unaoshuka kwa kasi katika mabonde ya milima, mara nyingi baada ya mvua kubwa. Maji yakijaa kati ya chembe za udongo, shinikizo lake hupunguza mshikamano na mteremko hukatika. Tope likiingia korongoni huchimba kingo na sakafu yake, hivyo ujazo wake huongezeka kadiri linavyoshuka. Ndiyo maana huweza kubeba miamba ambayo mafuriko ya kawaida hayaisogezi.

Nchini Tanzania, tukio la maafa makubwa lilitokea tarehe 3 Desemba 2023 katika Mlima Hanang, mkoani Manyara. Sehemu ya mlima iliyolowa ilimeguka, na tope likafika mji wa Katesh na vijiji jirani na kuua watu zaidi ya 80. Ingawa Hanang ni mlima wa volkano, wataalamu wa serikali hawakuona dalili za mlipuko wa volkano.

Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, nao ni wa volkano. Mito inayotoka kwenye miteremko yake, ukiwemo Themi, hupita katika jiji la Arusha. Kwa kuwa tope hufuata makorongo, kujenga ndani ya makorongo ya mlima huo ni hatari, hata yanapokuwa makavu wakati wa kiangazi.